Kwa Nini Homa ya Dengi Humwacha Mmoja na Kumzidia Mwingine

Liko swali ambalo akina mama wa Bunia huliuliza kila msimu wa homa, nalo huulizwa mlangoni mwa kituo cha afya, kwenye foleni ya maji, na zaidi ya kote katika matanga: imekuwaje watoto wawili wa tumbo moja, walalao kitanda kimoja na kula sahani moja, washikwe na homa katika juma moja, kisha huyu siku ya nne atoke uani akacheze na wenzake, na yule siku ya tano abebwe mikononi kupelekwa hospitali, vidole vyake vikiwa baridi na macho yamelegea? Wako wajibuo kuwa ni kudra ya Mwenyezi Mungu, wako washukuo sumu ya jirani, na wako wailaumuo dawa iliyonunuliwa sokoni. Mimi sikusudii kubishana na imani ya mtu yeyote; nakusudia kueleza katika sura hii, kwa habari ya homa moja tu, homa ya dengi, yale ambayo matabibu wamekwisha kuyajua juu ya sababu za maradhi hayo kuwa mepesi kwa mmoja na mazito kwa mwingine, kwa kuwa naamini kwamba aila ikizijua sababu hizo mapema huweza kumwokoa mgonjwa wake hata mahali ambapo hospitali iko mbali na fedha ni haba.

Homa yenyewe, na mbu aichukuaye

Dengi ni homa iletwayo na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida ya maabara zetu, ambavyo haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya chembe hai za mtu au za mbu. Mbu avichukuaye si yule wa malaria. Huyu ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, jina lake la kitaalamu ni Aedes aegypti, naye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri kuelekea magharibi, wakati ambapo chandarua kimefungwa juu ya kitanda na hakimsaidii mtu. Tena hapendi dimbwi wala mto, bali hutaga mayai katika maji yaliyotulia karibu na makao ya watu, ndani ya pipa, mtungi, kopo, au tairi kuukuu lililotupwa nyuma ya karakana.

Tangu siku ya kuumwa hupita siku nne mpaka kumi, kisha homa huja kwa ghafla na kwa ukali, pamoja na maumivu ya kichwa, ya nyuma ya macho, ya mgongo na ya viungo, na pengine upele. Wengi hawayapati hata hayo: katika kila watu wanne walioambukizwa, yapata watatu hawaugui, au huugua kidogo tu wasitambue. Na katika wale wauguao, yapata mmoja kwa kila ishirini huzidiwa. Habari zetu zote katika sura hii ni za huyo mmoja.

Katika pwani ya Afrika Mashariki homa ya namna hii ina tarehe ndefu. Tabibu James Christie, aliyekaa Unguja katika zama za masultani, aliandika juu ya ugonjwa ulioenea mjini humo mwaka 1870, na wazee wakamwambia kwamba waliuona mwingine wa namna ile yapata mwaka 1823. Hata hivyo, baadhi ya wataalamu wa leo hudhani kwamba ile ilikuwa chikungunya, homa jirani iumizayo viungo zaidi. Katika zama zetu wenyewe, Mombasa ilishikwa na dengi mwaka 2013, na Dar es Salaam, ambako watu huiita kidingapopo, ilipata wagonjwa zaidi ya elfu moja mwaka 2014, na zaidi ya elfu sita mwaka 2019. Ama katika nchi yetu ya Kongo, sampuli za damu zilizokusanywa kati ya mwaka 2003 na 2012 kutoka kwa watu walioshukiwa kuwa na homa ya manjano zilipimwa tena katika taasisi ya INRB ya Kinshasa, zikaonekana baadhi yake kuwa na dengi ya aina ya kwanza na ya pili. Maana yake ni kwamba dengi ilikuwa imekwisha kuwamo nchini, nasi tulikuwa tukiiita kwa jina la maradhi mengine.

Najua kwamba mtu wa Bunia huweza kujifariji akisema kuwa mji wetu uko juu na una ubaridi, si joto la Kisangani. Lakini mita 1,200 na ushei za mwinuko wetu hazimzuii mbu huyu, na safari fupi tu ya kuteremka hadi Kasenyi au Tchomia humfikisha mtu ufukoni mwa Ziwa Albert, ambalo maji yake yako kwenye mwinuko wa mita 620 hivi, mahali penye joto limpendezalo sana.

Kwa muhtasari: dengi huletwa na mbu wa mchana azaliwaye katika vyombo vyetu wenyewe, walio wengi hupona bila kujua kuwa waliambukizwa, na katika nchi iliyozoea kuita kila homa malaria, huweza kupita miaka mingi bila kutambuliwa.

Kinga imsalitiyo mwenyewe

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na matabibu huviita kwa hesabu tu, ya kwanza mpaka ya nne. Mtu akiambukizwa aina moja, mwili wake hutengeneza askari wa damu, ambao kwa lugha ya tiba huitwa kingamwili, na hao humlinda na aina ile ile maisha yake yote. Na aina tatu zilizosalia? Kwa miezi kadhaa, pengine hata mwaka mmoja au miwili, hulindwa nazo pia. Kisha ulinzi huo hufifia, na hapo ndipo hatari yenyewe huzaliwa, kwani kingamwili zilizobaki huweza kuitambua aina mpya na kuishika, lakini hazina nguvu ya kuiua. Ni mfano wa mlinzi wa usiku aliyemshika mgeni mkono langoni, akamdhania kuwa ni jamaa wa nyumba kwa kuwa sura zao zinafanana, akamfungulia mlango na kumwingiza mpaka chumbani. Virusi vilivyoshikwa kwa namna hiyo hupokewa ndani ya chembe za damu zenye kazi ya kumeza vijidudu, na mahali pa kufa humo, huzaana kwa wingi kuliko vingalivyozaana kwa mtu asiyepata dengi kamwe.

Jambo hili lilitambuliwa kwanza mjini Bangkok, nchini Thailand, katika miaka ya 1960, ambako tabibu Mmarekani Scott Halstead na wenzake waliona kwamba watoto wafikao hospitali wakiwa mahututi wengi wao walikuwa na alama katika damu ya kuwa waliwahi kupata dengi kabla. Wengi hawakumsadiki. Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja kutoka kisiwani Kuba, nami nitaueleza kwa urefu kidogo, kwa sababu sijaona kisa kingine kinachofunza wazi kuliko hiki.

Mwaka 1977 dengi ya aina ya kwanza iliingia Kuba, ikaenea kisiwa kizima, na kwa kuwa watu karibu wote walikuwa hawajawahi kuipata, waliugua homa nyepesi wakapona. Miaka minne baadaye, mwaka 1981, ikaingia aina ya pili. Mara hii watu 344,203 waliandikwa kuwa wagonjwa, zaidi ya elfu kumi katika hao walizidiwa, na 158 walikufa, miongoni mwao watoto 101. Watoto wadogo waliozaliwa baada ya ile homa ya kwanza kupita, nao ndio tungaliowadhania kuwa dhaifu kuliko wote, waliugua aina hiyo ya pili wasizidiwe, kwa kuwa kwao ilikuwa ni mara ya kwanza. Na kaka na dada zao walioionja ile ya 1977 ndio waliolazwa. Kisha mwaka 1997 aina ya pili ikarudi katika mji wa Santiago de Cuba, baada ya miaka ishirini kamili tangu ile ya kwanza, na mara hii waliozidiwa walikuwa karibu wote watu wazima, yaani wale wale walioambukizwa katika homa ile ya kwanza. Waliopima mambo haya wakaona kwamba muda mrefu baina ya ambukizo la kwanza na la pili haukuipunguza hatari, uliizidisha.

Ndiyo maana jibu la kwanza la swali la akina mama wetu ni hili: huenda yule mtoto aliyezidiwa aliwahi kupata dengi nyepesi miaka kadhaa iliyopita, ikadhaniwa malaria, na mdogo wake hakuipata. Mwenye nguvu huzidiwa na mnyonge akapona, na jambo hilo linalotushangaza lina sababu yake.

Na kwa mji wa biashara habari hii ina uzito wake. Mfanyabiashara wa Bunia husafiri kwenda Kampala na Dar es Salaam, na mwenye mtaji mkubwa hufika Dubai, na hata Guangzhou nchini China, ambako jimbo lake la Guangdong lilipata wagonjwa wa dengi zaidi ya elfu arobaini katika mwaka mmoja wa 2014. Mombasa peke yake ilionekana kuwa na aina tatu za virusi katika miaka ile ya 2011 mpaka 2014. Mtu aliyeokota aina moja katika mji mmoja, akaja kuumwa na mbu mwenye aina nyingine katika mji mwingine, amekwisha kuingia katika kundi la hatari bila kufanya kosa lolote.

Kwa sababu hiyo hiyo hata chanjo huhitaji hadhari. Ufilipino ilianza mwaka 2016 kuwachanja watoto zaidi ya laki nane kwa chanjo iitwayo Dengvaxia, na mwezi Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kwamba kwa mtoto asiyewahi kupata dengi kabla ya chanjo, sindano ile huweza kumtayarishia maradhi mazito baadaye, kwani mwili huihesabu chanjo kuwa ambukizo la kwanza. Chanjo mpya zimetoka tangu hapo. Ama chanjo ya homa ya manjano, ambayo kila msafiri wetu anayo kadi yake, haina msaada wowote juu ya dengi, japokuwa mbu ni yule yule.

Kwa muhtasari: ambukizo la pili, la aina tofauti, ndilo kubwa katika sababu zote zijulikanazo za dengi kali, la tatu na la nne mara chache huleta hatari hiyo.

Watu ambao hawapaswi kungojea nyumbani

Sababu ya pili ni mwili wenyewe. Mtoto mchanga ni wa kwanza, naye ana kisa cha peke yake: mama aliyewahi kupata dengi humgawia mwanawe kingamwili tangu tumboni, na katika miezi ya mwanzo humlinda kweli, lakini kadiri zinavyopungua, hasa kati ya mwezi wa sita na wa tisa, hufika kile kiasi kidogo kisichotosha kuua virusi na kinachotosha kuviingiza ndani. Mtoto huyo huzidiwa katika ambukizo lake la kwanza, kana kwamba ni la pili. Fauka ya hayo, mishipa ya watoto hupitisha maji ya damu kwa wepesi kuliko ya watu wazima, na mwili mdogo hauna akiba.

Wengine ni hawa:

- Mwanamke mjamzito, hasa akaribiapo kujifungua, kwa ajili ya hatari ya kutokwa na damu, na ya kumwambukiza mtoto wakati wa uzazi.
- Mzee, na mwenye kisukari, presha, pumu, au maradhi ya figo na ini.
- Mwenye vidonda vya tumbo, ambaye hutokwa na damu ndani kabla ya kuonekana nje.
- Mtu mnene kupita kiasi.
- Mtoto mwenye sikoseli, ambaye katika nchi yetu huitwa kwa kifupi SS. Dengi humkausha mwili, na mwili uliokauka humwamshia maumivu na kuziba kwa mishipa, nao ukosefu wa damu alio nao siku zote huficha damu anayoipoteza.

Kuhusu huyu wa mwisho ningependa wazazi wanisikilize kwa makini. Aila zenye mtoto wa SS zimezoea kumwuguza nyumbani kwa subira kubwa, kwa kuwa huugua mara nyingi, na mazoea hayo ya heshima ndiyo yawezayo kuwaponza siku homa ikiwa si ile waijuayo.

Je, damu ya Mwafrika ni ngao?

Katika kisa cha Kuba cha mwaka 1981 ilidhihirika kwamba watu weusi walizidiwa kwa idadi ndogo kuliko weupe, na katika nchi ya Haiti, ambako aina kadhaa za dengi zimekuwamo kwa miaka mingi, ugonjwa mkali ulikuwa nadra. Kwa hiyo wako wataalamu waonao kwamba katika nasaba ya Kiafrika mna jambo lipunguzalo ukali wa maradhi haya. Huenda ni kweli. Lakini mwaka 2023 Burkina Faso, nchi ya Waafrika watupu, ilizika mamia ya watu kwa ajili ya dengi, na mji wa Ouagadougou ukajaa wagonjwa. Mimi simshauri mzazi yeyote kuitegemea ngao isiyomlinda jirani yake.

Siku homa ishukapo

Tumefika mahali penye hatari kubwa kuliko zote, nami namwomba msomaji asome hapa polepole, hata kama mengine yote ameyapitia upesi. Katika malaria, na katika homa nyingi tuzijuazo, kushuka kwa joto ni bishara njema. Mama hushika paji la uso la mwanawe, akalikuta limepoa, akamshukuru Mungu, akarudi shambani au sokoni. Katika dengi, saa hiyo ndiyo saa ya kukesha.

Homa ya dengi huchukua siku mbili mpaka saba. Aghalabu kati ya siku ya tatu na ya saba joto hushuka, na kwa walio wengi ndio mwanzo wa kupona. Lakini kwa yule mmoja katika ishirini, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja katika saa zile zile. Kinachovuja si damu nyekundu, bali ni maji yake, ambayo matabibu huyaita plazima, nayo huingia tumboni na kifuani penye mapafu. Damu inayobaki mishipani huwa nzito na chache, moyo hupiga mbio kujaribu kuitembeza, mikono na miguu huwa baridi, na kama haikurudishiwa maji, mgonjwa huingia katika hali iitwayo shoki, yaani damu haifiki tena penye viungo. Wakati huo huo chembe za kugandisha damu hupungua, na fizi, pua au tumbo huanza kutoa damu. Kuvuja huku hakudumu: huisha kwa saa 24 mpaka 48. Mtu akivushwa saa hizo, amepona. Pasipo tiba, waingiao katika dengi kali huweza kufa mpaka watu ishirini kwa kila mia; penye tiba ya maji ifanywayo kwa hesabu, hafi hata mmoja kwa mia.

Dalili za hatari, zitakazomfanya mtu aondoke nyumbani saa ile ile, ni hizi:

- maumivu makali ya tumbo yasiyokoma;
- kutapika mfululizo, mara tatu au zaidi kwa siku moja;
- damu kutoka puani, kwenye fizi, katika matapishi au choo, au hedhi kupita kiasi;
- kulegea kusiko kwa kawaida, au mahangaiko ya kutotulia;
- mikono na miguu baridi, jasho jembamba, kizunguzungu cha kusimama;
- kupita saa sita bila kukojoa;
- kupumua kwa shida.

Huhitaji mashine kuzitambua hizo. Na muuguzi wa kituo kidogo, hata asipokuwa na maabara, anazo hila mbili za kumwongoza. Ya kwanza ni kubonyeza ncha ya kidole cha mgonjwa mpaka ipauke, kisha kuachia: ikipita zaidi ya sekunde mbili kabla rangi haijarudi, damu haifiki vema. Ya pili ni kutazama presha, si namba ya juu peke yake, bali nafasi iliyopo kati ya juu na chini. Mtoto mwenye 100 juu ya 85 huonekana kwa haraka kuwa yu salama, kumbe nafasi ile iliyobaki, chini ya 20, ndiyo ilani ya shoki inayokuja. Namba ya juu huwa ya mwisho kuanguka, na ikianguka wakati umekwisha kupotea.

Madhara yatokayo mikononi mwetu

Sababu nyingine za kuzidiwa hazitoki kwa virusi wala kwa mwili; sisi ndio tuzitendao, kwa nia njema. Mtu aumwaye viungo huenda farmasi akanunua diklo, au ibuprofeni, au aspirini, na dawa hizo hutuliza maumivu kweli, ila huchokoza tumbo na kuidhoofisha damu isigande, katika juma lile ambalo chembe za kuigandisha zimepungua. Dawa iliyo salama kwa homa ya dengi ni parasetamoli, kwa kipimo chake, isizidishwe, kwa kuwa ini nalo limechoka. Sindano za misuli, ambazo wengi huzipenda wakiamini kuwa ni tiba ya nguvu kuliko vidonge, huacha damu ikivilia ndani ya paja au tako.

Kisha iko serumu. Katika miji yetu mgonjwa asiyewekewa serumu hujiona hakutibiwa, na jamaa huilipia kwa furaha. Ni kweli kwamba serumu ndiyo iokoayo maisha katika shoki ya dengi. Lakini yale maji yaliyovuja hurudi mishipani yenyewe baada ya siku mbili, na mgonjwa anayeendelea kumiminiwa chupa juu ya chupa wakati huo hujaa maji mapafuni akashindwa kuvuta pumzi. Kwa hiyo mganga akisema chupa itolewe, asishukiwe kuwa ametaka kupunguza huduma. Na mgonjwa anywaye vizuri na kukojoa vizuri haihitaji kabisa: uji mwepesi, supu, maji ya matunda, na ile serumu ya kunywa ya pakiti hutosha, kwa mafunda madogo madogo ya mara kwa mara.

Jambo la malaria nalo ni gumu. Ituri ina malaria nyingi, na watu wengi hutembea na vimelea vyake katika damu bila kuugua. Mtu wa namna hiyo akishikwa na dengi, kipimo cha malaria kitaonyesha ndiyo, atapewa dawa ya malaria, nayo ni haki yake kuipata, ila hakuna atakayeuliza tena. Huweza pia kuwa nayo yote mawili kwa pamoja. Kanuni niionayo kuwa ya busara ni kwamba mtu aliyeanza dawa ya malaria, akawa na maumivu makali ya tumbo au dalili moja katika zile zilizotajwa, arudi saa ile ile akachunguzwe upya, wala jibu la kipimo cha kwanza lisifunge mlango.

Na uko woga ambao Bunia inaujua kuliko miji mingi ya dunia. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Kivu ya Kaskazini na Ituri zilipita katika Ebola iliyoua watu zaidi ya 2,200, na Mambasa, Komanda, Mongbwalu, na Bunia yenyewe, ziliona magari ya kuchukulia wagonjwa na mazishi yasiyo na kuoshwa kwa maiti. Baada ya mambo yale, si ajabu aila imwonapo mgonjwa wa homa anatokwa na damu puani, imfiche, ikihofia kwamba atatengwa na asirudi. Nawaelewa wafanyao hivyo, kwa kuwa waliyoyaona hayakuwa madogo. Lakini kwa mgonjwa wa dengi siku mbili za kufichwa ndizo zile saa 48 ambazo angeweza kuvushwa. Na kama ni Ebola kweli, siku hizo huwapeleka wamwuguzao katika hatari ile ile. Wahudumu wa afya nao wana wajibu wa kumweleza jamaa ya mgonjwa, kwa maneno ya adabu na kabla ya kumgusa, ni kipimo gani kinachukuliwa, kinapelekwa wapi, na nani ataruhusiwa kukaa karibu naye.

Maji ya nyumbani, na kitabu cha afya

Palipo na mifereji isiyofika nyumbani, watu huweka akiba ya maji, na hakuna awezaye kuwalaumu. Katika kambi za waliohamishwa na vita, mfano wa Kigonze pembeni ya mji, akiba hiyo ndiyo uhai. Hatari hutofautiana kwa chombo. Bidoni la njano lenye kifuniko halimpi mbu nafasi ya kuingia, lakini pipa la kukingia maji ya mvua lililo wazi chini ya mabati humlea kwa mamia. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandamana na ukuta wa pipa juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakingojea mvua; ni lazima ukuta usuguliwe kwa brashi, mara moja kila juma, kwani tangu yai mpaka mbu arukaye hupita siku saba mpaka kumi. Mgonjwa mwenye homa alale ndani ya chandarua mchana pia, ili mbu wasimnyonye na kuwapelekea wengine wa nyumba ile ambao huenda kwao likawa ambukizo la pili.

Na anayepimwa dengi akaonekana kuwa nayo, aandikiwe katika kitabu chake cha afya tarehe ya kuugua, jibu la kipimo, na mji aliokuwamo katika siku kumi zilizotangulia. Kitabu hicho kitunzwe pamoja na kadi ya chanjo, na kila safari ya kwenda kituoni kwa ajili ya homa kichukuliwe, hata ikiwa imepita miaka ishirini, ili muuguzi atakayekifungua ajue kwamba aliye mbele yake amekwisha kuipata mara moja.